Mama asikane ndoa yake kwa ajili ya kodi

Ndugu zetu wengi wa Kongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi hujaza karatasi za kodi kila mwaka, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Aprili. Akina mama fulani wanauliza: mume wangu amebaki kambini Nyarugusu, watoto niko nao hapa; niandike nini?

Wengine wanashauriwa waandike kwamba hawajaolewa. Huo ni uongo, tena unawapunguzia haki yao. Sheria ina nafasi ya "mkuu wa nyumba". Mume asiye mkaaji wa Marekani hamzuii mke kuitumia, ikiwa mke hakuchagua ahesabiwe kama mkaaji, mtoto wao ameishi naye zaidi ya nusu ya mwaka, na mama mwenyewe amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Kwa mapato ya 2024, mkuu wa nyumba hakudaiwa kodi ya serikali kuu kwa dola 21,900 za kwanza. Asiye na ndoa, kwa dola 14,600 tu.

Wanaowasaidia waamini kujaza karatasi hizo wajue jambo hili. Hapa ukweli na faida vinakaa pamoja.