Asiyejibu Hajakubali

Wanachama wote mmeshapata barua ya Kamati Tendaji. Kata moja ya Jiji la Tanga, kupitia mtendaji wake, imetuomba sisi watoto wa Tanga tulioko Uingereza tuchangie kumalizia kituo cha polisi. Boma limefika usawa wa lenta kwa nguvu za wananchi. Kumebaki kuezeka, kupiga lipu, kuweka milango na nondo za chumba cha mahabusu. Tangu barua itoke, kundi letu la WhatsApp halilali. Wapo wanaotaka pesa zitoke wiki hii. Wapo walioapa kwamba haitoki hata senti moja, na sababu yao wanaitaja kwa jina: Mzee Ali Kibao.

Sisi wa jarida la jumuiya tunataka kituo kijengwe. Tunachokipinga, na tutakipinga mpaka mwisho, ni njia ambayo Kamati imeichagua ya kuzitoa pesa hizo.

Tuanze na Mzee Kibao, maana mwenye kulikwepa jambo hilo hana haki ya kuwaomba watu mchango. Jioni ya tarehe 6 Septemba 2024, mjumbe huyo wa sekretarieti ya CHADEMA alikuwa ndani ya basi, anarudi nyumbani Tanga. Basi likasimamishwa Tegeta, watu wenye silaha wakapanda, wakamtia pingu, wakashuka naye. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Rais Samia akaagiza uchunguzi. Msibani Tanga, Hamad Masauni, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikumbana na waombolezaji waliomtaka ajiuzulu hapo hapo. Baadhi yetu tulikuwa na ndugu kwenye msiba ule, na maneno yao tuliyasikia kwa simu.

Fikirini abiria wa basi lile. Wameona silaha, wameona pingu, na mtu wa kawaida akiona pingu anajua hiyo ni kazi ya serikali, ananyamaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka anayekamatwa aambiwe sababu. Inampa nafasi ya kuwasiliana na ndugu au wakili wake. Ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana litazamwe, isipokuwa kosa liwe zito. Hayo yote yanadai kwanza kitu kimoja: ijulikane nani amemchukua mtu na kampeleka kituo gani. Hilo likikosekana, vifungu vingine vyote havina pa kushika.

Na tusijidanganye kwamba huku tulipo tumesalimika. Machi 2021 askari wa London, Wayne Couzens, alitumia kitambulisho chake cha kazi na pingu kumchukua Sarah Everard barabarani, kisha akamuua. Baada ya kesi ile polisi wa London waliweka utaratibu kwamba askari asiyevaa sare, akiwa peke yake na akimsimamisha mwanamke, apige simu ya video chumba cha mawasiliano ili athibitishwe kuwa ni askari kweli na yuko kazini. Ilibidi mtu afe ndipo swali la "wewe ni nani?" lipatiwe namna ya kujibiwa. Ndugu zetu wa Ngamiani na Makorora wana haki ya kulipata jibu hilo hilo.

Sasa ninyi mnaosema hata senti moja. Mmeisahau Februari 2015, bunduki zilipolia Mapango ya Amboni na mwanajeshi wetu akapoteza maisha? Mmeusahau usiku wa mwisho wa Mei 2016, watu wanane walipochinjwa Kibatini, kata ya Mzizima? Siku zile hakuna aliyeuliza polisi wana faida gani. Kila mtu aliuliza wako wapi. Pwani yetu kuanzia Moa mpaka Pangani imejaa bandari bubu, na kinachoshushwa usiku hatimaye kinaishia mwilini mwa kijana wa mtaani kwetu. Mama aliyepigwa na mumewe saa saba za usiku anapanda bodaboda kwenda kutafuta kituo, na akifika anaweza kuambiwa gari halina mafuta, arudi asubuhi kuchukua RB. Huyu mama kituo cha karibu anakihitaji. Hatuwezi kumwambia asubiri mpaka haki ipatikane Ununio.

Tena si sisi tu tunaotaka polisi wa kuwahudumia raia. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ikataka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya, liwe chombo cha kuhudumia raia. Miaka mingi kabla yake, IGP Said Mwema alileta Polisi Jamii kwa hoja kwamba ulinzi haufanyiki bila wananchi. Basi mwananchi anayetoa saruji yake ana haki ya kuuliza kitakachofanyika ndani ya kuta hizo.

Tumeitazama ramani iliyoambatanishwa na barua. Kaunta ipo. Ofisi ya mkuu wa kituo ipo. Chumba cha mahabusu ni kimoja. Mwanamke atawekwa wapi? Mtoto wa miaka kumi na minne atawekwa wapi? Dawati la jinsia na watoto halina hata pembe. Yule mama wa saa saba ataeleza alivyopigwa mbele ya kila aliyekuja kuripoti baiskeli yake iliyoibiwa. Mchango wetu ungeanzia hapo: chumba cha pili cha mahabusu na chumba cha dawati, kabla ya bati moja kununuliwa. Na pesa ziingie akaunti ya halmashauri, kwa risiti, zikitanguliwa na muhtasari wa mkutano wa hadhara wa kata ulioridhia ujenzi.

Hapa ndipo tunapogombana na Kamati. Pamoja na ombi la kata, imetuletea marekebisho ya Ibara ya 9 ya katiba yetu. Yasomeni, jamani, ni mistari minne tu. Yanasema Kamati Tendaji itaweza kuidhinisha mchango kwa taasisi yoyote ya umma bila kurejea Mkutano Mkuu, mradi ujumbe umetumwa kwa wanachama, na asiyejibu ndani ya saa 48 atahesabiwa ameridhia. Saa 48! Yupo anayefanya zamu za usiku hospitali mfululizo, yupo dereva wa lori aliyeko njiani. Na hakuna anayesema nani atahesabu majibu, wala orodha itawekwa wapi. Wazee waliotuachia katiba hii waliweka notisi ya siku 21 na akidi ya nusu ya wanachama hai kwa sababu walizijua fitina za pesa. Kimya kuwa ridhaa ni mambo ya mwari siku ya kuozeshwa; mwanachama wa jumuiya hahesabiwi hivyo. Hatuwezi kuwadai polisi wa Tanga wafuate utaratibu huku sisi tunaufuta wa kwetu.

Mwenyekiti anajitetea kwamba Mkutano Mkuu hauitishiki kwa sababu watu hawaji. Hapo kasema kweli, na inatuuma kukubali. Mkutano uliopita akidi ilikosekana, tukasubiri mpaka mwenye ukumbi akadai funguo zake, tukatawanyika. Usiku ule ule sauti za dakika tano tano zikaanza kumiminika kundini, kutoka kwa watu ambao hawakufika na hawakutuma udhuru. Wengine wamo katika wanaopaza sauti hivi leo, pande zote mbili.

Lakini dawa ya akidi si kuukwepa Mkutano Mkuu, ni kuja au kutuma mwakilishi. Fomu ya uwakilishi iko ukurasa wa mwisho. Usiyeweza kuja, ijaze, taja jina la utakayemwachia kura yako, itie saini na uitume kwa Katibu angalau siku saba kabla ya mkutano. Kura zitakuwa mbili na zitapigwa mbalimbali: ya kwanza marekebisho ya Ibara ya 9, ambayo tunawaomba myakatae; ya pili mchango wa kituo, ambao tunawaomba mwuidhinishe pamoja na masharti ya vyumba na akaunti. Anayedaiwa ada ailipe sasa kwa Mweka Hazina na achukue risiti, maana siku ya mkutano mlangoni hapokei.