Tiba mpya za saratani zaikuta foleni ya kale ya mionzi

JULAI 2019 ulikuwa mwezi mchungu kwa Wakenya. Katika mwezi huo mmoja, saratani iliwaondoa aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom Bob Collymore, Mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Dkt Joyce Laboso. Viongozi walidai ugonjwa huo utangazwe janga la kitaifa. Gumzo mitaani likawa ni nani alitibiwa wapi: London, Paris, India au Nairobi.

Swali lililopata nafasi finyu ni lile linalomgusa mgonjwa zaidi: ni tiba gani, ikilinganishwa na nyingine, inayomwongezea mtu miaka ya kuishi, na kwa kiasi gani?

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayofaa zaidi kulipimia swali hilo humu nchini. Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake 5,236 walipatikana na ugonjwa huo nchini Kenya mwaka 2020, na 3,211 wakafariki. Saratani ya matiti iliwapata wengi zaidi, 6,799, lakini waliofariki walikuwa 3,107. Hii ina maana kuwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache ndio uliozika wengi, ilhali ni miongoni mwa saratani zinazotibika vyema zikiwahiwa.

Mwanamke anayegunduliwa mapema, uvimbe ukiwa haujatoka kwenye mlango wa kizazi, ana njia mbili. Anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi na tishu zinazokizunguka, au kutibiwa kwa mionzi. Watafiti wa Italia walizilinganisha njia hizo kwa wanawake 343 na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Miaka mitano baada ya matibabu, asilimia 83 ya kila kundi walikuwa hai. Tofauti ilikuwa katika madhara. Waliopasuliwa walipata matatizo makubwa kwa asilimia 28, waliopewa mionzi asilimia 12, sababu mojawapo ikiwa kwamba wengi waliopasuliwa walilazimika kuongezewa mionzi baadaye.

Funzo jingine lilikuja mwaka 2018, nalo liliwashtua madaktari wa upasuaji wenyewe. Kwa miaka kadhaa, hospitali za nchi tajiri zilikuwa zimeuacha upasuaji wa kupasua tumbo na kukumbatia ule wa matundu madogo, unaotumia kamera na wakati mwingine roboti. Mgonjwa huvuja damu kidogo na kurudi nyumbani mapema. Ilipofanywa hesabu ya wanawake 631, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa kwa njia ya kale walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka minne na nusu. Kwa njia ya kisasa walikuwa asilimia 86. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati, na vituo vingi vikarudia kisu cha kawaida.

Hata hivyo, mengi ya hayo yanamhusu mgonjwa anayefika mapema. Wengi wa wanawake wa Kenya hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshaenea hadi pembeni mwa kizazi au kwenye nyonga, hatua ambayo upasuaji haufui dafu. Hapo tegemeo huwa ni mionzi.

Kwa miongo mingi mionzi ilitolewa peke yake. Mnamo Februari 1999, Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani iliwatumia madaktari tahadhari isiyo ya kawaida: majaribio matano yalikuwa yameonyesha kwamba dawa ya kemikali ya sisiplatini ikitolewa sambamba na mionzi, wagonjwa wengi zaidi hupona. Mwaka 2008, majaribio 18 yalipochanganuliwa kwa pamoja, faida ilibainika kuwa nyongeza ya asilimia sita ya watakaokuwa hai baada ya miaka mitano.

Ndani ya wastani huo mlikuwa na jambo ambalo aghalabu halitajwi. Faida ilikuwa asilimia 10 kwa wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo, lakini asilimia tatu tu kwa hatua ya tatu na mwanzo wa ile ya nne. Kwa maneno mengine, dawa ilimfaa kidogo zaidi yule anayechelewa, ambaye ndiye mgonjwa wa kawaida katika zahanati zetu. Isitoshe, uvimbe uliokua mno huweza kuziba mirija ya mkojo na kudhoofisha figo, na sisiplatini haimfai mtu mwenye figo dhaifu. Mwanamke kama huyo hubaki na mionzi peke yake, kama mgonjwa wa miaka ya themanini.

Mwaka 2024 zilikuja habari mbili kubwa. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha UCL cha London waliwapa wanawake 250 dozi za kila wiki za dawa mbili za kawaida, kaboplatini na paklitakseli, kwa wiki sita kabla ya mionzi na sisiplatini. Wengine 250 waliendelea na utaratibu wa zamani. Baada ya miaka mitano, walio hai walikuwa asilimia 80 katika kundi la kwanza na 72 katika la pili. Dawa zote mbili ni za siku nyingi na hutengenezwa na kampuni kadhaa, hivyo bei yake si ya kutisha.

Habari ya pili ilihusu pembrolizumabu, dawa inayouamsha mwili upambane na saratani wenyewe. Kati ya wanawake 1,060, walioongezewa dawa hiyo juu ya mionzi na sisiplatini walikuwa hai kwa asilimia 82.6 baada ya miaka mitatu, na wasioongezewa asilimia 74.8. Faida inakaribiana na ile ya dawa za kale. Bei haikaribiani hata kidogo, na serikali yenye hela chache haihitaji bingwa wa uchumi kuielekeza pa kuanzia.

Lakini tiba zote hizo zimejengwa juu ya msingi mmoja, mionzi inayoanza na kumalizika kwa wakati. Mwaka 1992 watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 830 waliotibiwa kwa mionzi. Waligundua kwamba matibabu yakivuka siku 30, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa takriban asilimia moja kwa kila siku inayoongezeka. Seli zilizosalia hutumia mapumziko hayo kuzaana upya kwa kasi. Tafiti nyingine zilifikia hesabu ya karibu na hiyo, na ndiyo sababu madaktari hushikilia kuwa mionzi yote imalizike ndani ya wiki nane.

Tuseme mashine inaharibika na mwanamke anakosa matibabu kwa wiki mbili. Kwa hesabu ya Toronto, hasara inaweza kukaribia asilimia 14. Kuudhibiti uvimbe si sawa na kuishi, na matokeo ya tafiti mbili tofauti hayajumlishwi na kutolewa kama shilingi sokoni. Hata hivyo, ukubwa wa namba hizo unajieleza. Faida ya asilimia nane iliyotafutwa kwa miaka na mikaka inaweza kumezwa na kipuri kilichokwama bandarini.

Jambo la pili ni mionzi ya ndani, ambapo chombo chenye mionzi huingizwa hadi penye uvimbe. Ni kazi ya mikono, haina mvuto wa mashine kubwa za nje, na hata Marekani ilianza kupuuzwa. Uchunguzi wa kumbukumbu za nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliopata mionzi ya ndani walishuka kutoka asilimia 83 mwaka 1988 hadi 58 mwaka 2009. Baada ya miaka minne, asilimia 58.2 ya walioipata walikuwa hai, wakilinganishwa na asilimia 46.2 ya walioikosa. Pengo hilo ni kubwa kuliko faida ya dawa yoyote iliyotajwa hapo juu.

Afrika Mashariki inaujua vyema udhaifu wa msingi huu. Mwaka 2016, mashine ya pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago tangu miaka ya tisini, iliharibika isitengenezeke. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, lakini mashine mpya ya Kampala haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Kenya nayo kwa miaka mingi ilikuwa na hospitali moja tu ya umma yenye huduma hiyo, Kenyatta, na wanawake kutoka Lamu hadi Turkana walisubiri zamu kwa miezi.

Hali imebadilika kiasi cha kutia moyo. Mionzi sasa imefika Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta imeipunguzia Nairobi mzigo. Mashine nyingi mpya ni zile zinazozalisha mionzi kwa umeme. Ni sahihi zaidi kuliko zile za kobalti, lakini zinataka umeme usiokatika, mfumo wa kupoza na wahandisi walio karibu. Kobalti hubezwa kuwa imepitwa na wakati, na kweli nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano hivi. Lakini kwa mgonjwa aliye katikati ya matibabu, mashine ya kale inayofanya kazi leo ina thamani kuliko mpya inayomngoja fundi.

Kisha kuna pesa. Katika utaratibu uliotumika mwaka 2025, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliilipia familia hadi Sh550,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, Sh400,000 kutoka hazina ya bima na Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Kikomo hicho ni cha familia nzima, wala hakihesabu nauli na kodi ya chumba karibu na hospitali kwa wiki saba. Bima ya NHIF ilipoondolewa Oktoba 2024, wagonjwa wa saratani walilalamika hadharani kwamba walifika kwa dozi zao wakaambiwa mitambo haiwatambui, warudi siku nyingine.

Bungeni, maswali kuhusu saratani huwa ni mashine ngapi zimenunuliwa na kwa shilingi ngapi. Waziri hujibu kwa idadi ya vituo, na kikao huendelea. Namba ambayo ingeonyesha kama vituo hivyo vinaokoa maisha ni ya siku: zile anazosubiri mwanamke tangu apewe majibu ya maabara hadi alale chini ya mashine, na zile zinazopita hadi mionzi yake ya mwisho ya ndani. Kila kituo kina faili za kutosha kuihesabu.