Halali Peke Yake Haitoshi: Kamba wa Naivasha na Sumu ya Maji ya Kijani



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa asili ya uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu wapenzi, familia nyingi za pwani zina jamaa Nakuru, Gilgil na Naivasha. Shule zikifungwa watoto hupelekwa huko kwa baba zao wadogo na shangazi zao, na mtoto wa pwani akiona maji hataki kutoka. Kwa hivyo juma hili twataka kuzungumza juu ya ziwa moja na kiumbe wake mmoja, kwa kuwa ndani yake lipo funzo kwa kila mama anayeinjika chungu, akiwa bara au kwetu.

Katika Ziwa Naivasha wamo kamba wa maji baridi. Umbo lake ni kama kamba koche aliyepunguzwa, mwekundu iliyokolea, mwenye magando mawili mbele. Si mzaliwa wa ziwa hilo. Asili yake ni kusini mwa Marekani, upande wa Louisiana, naye aliingizwa Naivasha mwaka 1970 ili awe biashara. Wakati mmoja aliuzwa hadi Ulaya. Lakini alizaana mno, akayala majani yaliyoota chini ya maji pamoja na mayungiyungi ya buluu yaliyolipamba ziwa lile.

Swali la kwanza la Mwislamu ni kama analika. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kiumbe ambaye maisha yake ni majini huruhusiwa, na neno bahari katika hukumu hiyo hukusanya mito na maziwa. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya kaa na wenziwe waishio pande zote mbili, majini na nchi kavu. Kamba huyu sisi twamweka pamoja na kamba wa bahari, na aliye na shaka na amuulize sheikh wa mtaa wake. Lakini swali hilo si la mwisho. Qur'ani, katika Sura al-Baqara aya ya 168, imeyataja mambo mawili pamoja: chakula kiwe halali, na kiwe kizuri. La pili ndilo tunalolisahau.

Ziwa Naivasha hupokea maji ya mito ya Malewa na Gilgil, wala halina mto unaotoka juu ya ardhi kuyachukua. Mbolea ya mashambani, maji machafu ya mji unaokua na udongo wa vilimani vikiingia, sehemu kubwa hubaki humo humo. Zamani mafunjo ya kandokando na ya mdomo wa mito yalikuwa kama chujio, mengi yamefyekwa. Mbolea haichagui mmea wa kuulisha. Juani, maji yakitulia, mwani mdogo usioonekana kwa jicho huongezeka mpaka uso wa ziwa ukawa kama umemwagiwa rangi ya kijani. Miongoni mwa mwani huo umo uitwao maikrosistisi, ambao aina zake nyingi hutoa sumu ya ini iitwayo maikrosistini.

Sumu hiyo huwafanya nini viumbe wenye magamba na makombe? Jambo la kwanza ni pumzi. Mwani ukifa na kuoza hula oksijeni ya maji, na kila kiumbe hutaabika. Mapema mwaka 2010 samaki wengi walielea wamekufa Naivasha. Watu wakazilaumu dawa za mashamba, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa oksijeni ilikuwa imepungua mno. Jambo la pili ndilo la hatari zaidi kwetu, nalo ni kwamba mara nyingi wanyama hawa hawafi. Kome na chaza hula kwa kuchuja maji mchana kutwa, na sumu hukusanyika ndani yao kama takataka katika kitambaa cha kuchujia tui. Kamba naye hula mwani na kila kilichooza chini ya ziwa. Majaribio yaliyofanywa Ureno juu ya kamba wa jamii hii hii yalionyesha kuwa wakubwa wao waliustahimili mwani wenye sumu, huku sumu ikijikusanya zaidi katika utumbo na katika ile tezi ya manjano iliyo kichwani. Basi kamba aweza kufika sokoni akitikisa magando yake, mzima wa afya, na sumu imo ndani.

Tena sumu hiyo haiogopi moto. Mama amezoea kwamba chakula kikichemka sawasawa madhara yameondoka, na kwa vijidudu vya tumbo hilo ni kweli. Maikrosistini haiharibiwi na kuchemsha, wala na ndimu, wala na pilipili. Inayotoka katika nyama huingia katika supu.

Mtu asidhani haya ni mambo ya ziwa moja. Katika miaka ya 1990 ndege heroe, waitwao pia flamingo, walikufa kwa maelfu katika maziwa ya Nakuru na Bogoria. Watafiti walikuta sumu za mwani katika maji ya maziwa hayo na ndani ya mizoga ya ndege wa Bogoria, na wakazihesabu kuwa mojawapo ya sababu. Na huku kwetu, mwanzoni mwa mwaka 2002, samaki wengi walikufa pande za Kiunga, na wataalamu wakahusisha vifo hivyo na mwani wenye sumu baharini. Huko Kanada, mwaka 1987, zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome waliobeba sumu ya mwani wa baharini. Wengine walikufa, na baadhi ya walionusurika walipoteza kumbukumbu zao.

Hapa fiqhi yetu ina jambo la kuzingatiwa. Maji yaliyobadilika rangi kwa mwani uliomo ndani yake hubaki kuwa tohara, na udhu wake husihi, kwa sababu ni vigumu kuyakinga maji na mwani. Lakini wanazuoni hao hao wakasema kwamba kinachodhuru ni haramu kukila, hata kikiwa si najisi, kama ilivyo sumu. Na anayehofia kudhurika kwa maji ameruhusiwa kutayamamu. Kwa hivyo tohara ni hukumu moja na usalama ni hukumu nyingine. Mtu asijifiche nyuma ya ile ya kwanza akaiacha ya pili.

Enyi mama na dada zetu, shikeni haya. Msinunue kamba, kome wala samaki mpaka mmeuliza wametoka maji gani. Maji yakiwa na utando wa kijani au harufu mbaya, acheni alichotolewa humo, wala msiokote kilichoelea kimekufa. Kamba wa maji baridi aondolewe kichwa pamoja na uto wake wa manjano na utumbo wa mgongoni, na maji aliyochemshiwa yamwagwe. Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye maradhi ya ini wasilishwe kabisa msimu wa maji ya kijani. Watoto wasioge humo, na mifugo isinyweshwe. Aliyekula kisha akatapika, akaharisha, au akahisi ganzi midomoni, apelekwe hospitali upesi na daktari aelezwe alichokula.

Lililobaki ni amana. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akakataza haja kubwa mahali watu wanapoteka maji. Ziwa lisilo na mto wa kuliondolea uchafu ni maji yaliyotuama, hata likiwa pana kiasi gani. Anayeelekeza choo chake mtoni, anayemwaga mbolea kupita kiasi, anayefyeka mafunjo ili aongeze hatua chache za shamba, wote hao wanautia mkono wao katika chungu cha jirani. Kamba yule hakuumba sumu. Amekula tulichomletea, naye anaturudishia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, awahifadhi watoto wetu na maji yetu, na atupe moyo wa kuichunga amana yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.