Ruzuku na Kodi ya Nyumba ya Hifadhi

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi wa Januari 2025, ilidhihirika kwa kila mwenye kutafakari jinsi nyumba za hifadhi za waliodhulumiwa nchini Kenya, ambazo aghalabu huendeshwa na jumuiya za hiari wala si serikali, zinavyotegemea hisani ya wageni. Walakini ila ya ruzuku hizi haikuanza siku hiyo, kwani mara nyingi mfadhili hutoa fedha za mwaka mmoja, akaridhia kwa moyo mkunjufu gharama za semina, chai na mabango (nayo mabango, kwa hakika, hayamlazi mtu), lakini akasita aletewapo hesabu ya kodi ya nyumba, ujira wa mlinzi wa usiku, na nauli ya mama aliyepigwa na mumewe, anayepaswa kuipeleka fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kwa daktari, kisha airejeshe kituo cha polisi, kisha ahudhurie mahakamani, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa hata ruzuku yenyewe ikatindika. Hata hivyo, Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 iliunda mfuko wa amana kwa ajili ya waliodhulumiwa. Basi hazina ya taifa na iutilie fedha kila mwaka pasipo kungoja wahisani, nao wahisani wakubali kulipa kodi ya miaka mitatu kabla ya kudai ripoti ya semina.