Tundu la Juu la Soketi

Mgeni anayetaka kuchaji simu katika nyumba ya zamani pale Nyasho, Musoma, si ajabu akaonyeshwa kijiti kwanza. Anakichomeka kwenye tundu la juu la soketi, vizibo vya matundu mawili ya chini vinafunguka, chaja ya pini mbili inaingia. Tundu hilo la juu ndilo la ethi. Limegeuzwa ufunguo, na katika nyumba za umri huo huenda nyuma yake hamna waya wowote.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Waya wa moto ukichubuka ndani ya pasi, friji au kisanduku cha bati cha swichi, ethi huupa umeme njia ya kwenda ardhini, na breka ya umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, inakata papo hapo. Pasipo ethi, bati linabaki na umeme likisubiri mkono. Mtoto aliye peku kwenye sakafu yenye maji ndiye anayeumia zaidi.

Mawe ya mkoa wa Mara nayo ni tatizo. Musoma ina miamba kila upande, na Mwitongo kule Butiama vivyo hivyo. Ethi rodi, ile inayopigiliwa ardhini, ikigota baada ya futi mbili, fundi mwenye haraka huikata iliyobaki. Afanye subira: atafute udongo wenye unyevu, aunganishe rodi kadhaa, au achimbe mtaro na kulaza waya wa shaba. Wengine hufunga ethi kwenye bomba la maji, na siku bomba la chuma likibadilishwa kwa la plastiki, ethi imekwisha. Kibaya kuliko vyote ni kuiunganisha na nyutro ndani ya soketi: nyutro ikikatika, bati lote la friji linakuwa na umeme.

TANESCO huishia kwenye mita. Ndani ya nyumba ni kazi ya wenyeji, na fundi mmoja kwa kaya moja ni mzigo. Kwa hiyo wenye nyumba na wapangaji wa Musoma, Bunda na Butiama walipeleke suala hili kwenye mikutano ya mitaa na vijiji, wachange, waite fundi mwenye leseni ya EWURA apite nyumba kwa nyumba na mita ya kupimia ethi. Wakati wakimsubiri, kila kaya inunue adapta ya pini tatu na kukitupa kijiti.