Kuzima moto Bukavu: makofi kwa vijana hayatoshi

Kiangazi kimeingia, na wakaaji wa Bukavu wanajua maana yake. Mbao za nyumba zinakauka, maji ya bomba yanakuwa haba, upepo wa jioni unapanda kutoka ziwani. Usiku mmoja sauti inasikika: "Moto! Moto kwa jirani!" Dakika chache tu, na watoto wa avenue wako juu ya manjanja. Mwenye bido anakimbia na bido, mwenye shoka na shoka, mwenye hana kitu anabeba mtoto wa watu ao godoro la watu. Kesho yake, kila mtu anasema: "Kama haingekuwa hawa vijana, kartie yote ingeisha."

Ni kweli. Lakini ni wakati wa kuuliza: kisha kusema vile, tunawafanyia nini?

Tuwaangalie kwanza ni nani. Ni dereva wa taksi-moto, fundi wa mbao, mwanafunzi mwenye kesho yake ana mtihani, kijana mwenye anashinda kwenye rond-point akitafuta kazi. Wengine ni wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wenye walifunzwa huduma ya kwanza. Kuna na wamama, hata kama watu hawawataji sana: wao njo wanachota maji, wanahesabu watoto, wanalinda vyombo vilivyotolewa inje. Hakuna mwenye anawalipa. Hawana kofia ya chuma, hawana glavu, wengi wao wanapanda juu ya nyumba na sandale mguuni. Ni hao njo kikosi cha zima-moto cha Kadutu, cha Bagira, cha sehemu kubwa ya Ibanda. Hatujawahi kuwapa jina hilo, lakini kazi ni hiyo.

Watu wanapenda kulaumu pompie wa mji kwamba wanafika majivu yakiisha kupoa. Kuna siku lawama hiyo ni ya haki. Lakini tuseme wazi: hata kama kesho mji ungepewa kamio kumi mpya, zingepita wapi? Bukavu ilijengwa na wakoloni juu ya vilima na rasi za ziwa, kwa watu wachache. Vita na njaa ya vijijini vimeleta watu wengi sana, na kila mtu alijenga pale alipopata. Katika avenue nyingi za Kadutu, njia ni ngazi za udongo. Watu wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja anarudi nyuma. Hapo kamio inasimama kwenye barabara kubwa, na mupira wa maji haufiki.

Tufanye na hesabu. Kamio yenye tanki ya litri 3.000, mupira wake ukitoa litri 500 kwa dakika, inaishiwa maji kisha dakika sita. Baadaye inapaswa kwenda kujaza, na nyumba za mbao hazingojei. Litri 3.000 ni sawa na bido 150 za litri 20. Avenue yenye nyumba hamsini, kila nyumba ikiweka bido tatu pembeni kwa ajili ya moto tu, ina kamio yake nzima, tena iko tayari mahali penyewe. Tuko mji wenye ziwa kubwa chini ya miguu, na nyumba zinaungua sababu juu kilimani hakuna maji. Maji ya ziwa hayatapanda yenyewe. Ni lazima yawe yamepanda mbele ya moto kuanza.

Kwa hiyo wa kujitolea si watu wa kuziba pengo wakati tunangoja serikali. Katika mji kama huu, wao watakuwa wa kwanza kufika siku zote. Ndiyo maana inafaa kazi yao ipangwe. Kwa sasa haina mpango, na sehemu tatu zinaumiza sana.

Ya kwanza ni nyumba yenye inabomolewa. Kila mtu mwenye amezima moto kwenye nyumba za mbao anajua: moto ukishika nyumba tatu, bido haziwezi tena. Inabaki kukata njia yake. Vijana wanachagua nyumba yenye haijawaka bado, wanang'oa manjanja, wanaangusha mbao, wanaacha uwazi ili moto ukose chakula. Njia hiyo ni ya zamani dunia nzima, na mara nyingi ni hiyo inaokoa kartie. Lakini mwenye nyumba ile yeye anapoteza yote, na moto haukumugusa. Anaona misaada ikifika kwa wenye waliunguliwa, yeye anaambiwa: "Wewe nyumba yako haikuungua." Ndiyo sababu wengine wanasimama mlangoni na panga: "Hamubomoe hapa!" Wakati wa kubishana, moto unavuka. Hatuwezi kumulaumu mtu huyo. Anajua hakuna mwenye atamulipa.

Ya pili ni wezi. Penye moto kila mtu anaingia kwa kila mtu, na mwizi anabeba televizyo akisema anaokoa. Hivi kijana wa kweli, mwenye amejiunguza mikono, anapigwa na watu kesho yake juu ya redio yenye hakuiona hata. Wengine wameapa hawatarudia tena kuingia nyumba ya mtu. Nani atawalaumu?

Ya tatu ni kijana mwenyewe akiumia. Anaanguka na manjanja, anakatwa na misumari, anashikwa na kura ya SNEL sababu nyaya zilikuwa bado na umeme wakati yeye anamwaga maji. Anapelekwa hospitali. Siku ya kwanza watu wanamutembelea. Siku ya saba facture inakuja kwa mama yake. Mama anauza mbuzi ao kiwanja ili kulipa uponyaji wa mtoto mwenye aliokoa viwanja vya wengine. Hii ni aibu yetu sisi wote.

Mtu atasema: kujitolea ni kujitolea, ukianza kutafuta faida si kujitolea tena. Hapana. Tuangalie kwa wengine. Kule Ufaransa, karibu pompie 8 kwa 10 ni wa kujitolea: mwalimu, muuza mkate, fundi wa magari. Mjini Paris pompie ni askari, lakini kwenye miji midogo na vijiji, anayekuja kuzima moto mara nyingi ni jirani mwenye kazi yake ingine. Jirani huyo anapata mafunzo, mavazi, na kitu kidogo kwa kila saa ya kazi. Sheria ya 31 Desemba 1991 inamulinda akiumia ao akigonjwa sababu ya kazi hiyo. Kule Chile, wazimamoto wote ni wa kujitolea. Kikosi chao cha kwanza kilianza mjini Valparaíso mwaka 1851, mji wa bandari wenye nyumba zimebebana juu ya vilima mbele ya maji. Mtu wa Bukavu akiuona mji ule kwa picha atacheka: "Hii ni kwetu!" Kujitolea kwao kumedumu sababu kunaheshimiwa kwa mpango. Kwetu kunaheshimiwa kwa maneno tu.

Wengine watatuambia: hii ni kazi ya serikali, tunalipa taksi kila siku, ya soko, ya kiwanja, ya pikipiki. Hao wana haki, na hatuwafungii mdomo. Mji unapaswa kuwa na pompie wenye wanalipwa, kamio zenye mafuta, na sehemu za kuchotea maji kwenye barabara kubwa. Unapaswa pia kuacha kuuza kipande cha mwisho cha njia kwa mtu wa kujenga butike. Tutaendelea kuyadai. Lakini mwenye anadai si lazima aunguliwe wakati anangoja jibu. Na kuna mambo avenue inaweza kuanza Jumamosi hii, bila kungoja mtu wa Kinshasa.

Kila avenue iandike majina ya vijana ishirini, wanaume na wanawake, wenye wanakubali. Shefu wa avenue aweke liste, nakala moja iende kwa shefu wa kartie. Wapewe jile za rangi moja zenye namba mugongoni. Siku ya moto, mwenye hana jile haingie nyumba ya mtu, abaki kwenye mstari wa bido. Mwizi atakosa pa kujificha, na kijana wa kweli hatashitakiwa bure. Jile si kitu cha bei. Hata fundi wa kushona wa kwetu anazitengeneza.

Wapewe na kazi tofauti. Mmoja awe na kazi ya kukata kura kwanza, ao kuita mwenye anaijua, mbele ya tone moja la maji kumwagwa. Wengine mstari wa bido, mikono inapokezana, watu wasikimbie wakigongana kwenye ngazi. Wawili watatu wa kuhesabu watu: wazee, wagonjwa, watoto waliofungiwa ndani wakati mama yuko soko. Shoka, kamba, ngazi na michanga viwekwe mahali pamoja penye ufunguo unajulikana, si kwa mutu mwenye amesafiri Uvira.

Juu ya nyumba ya kubomolewa, avenue ipatane mbele ya moto, kwa karatasi na sahihi: mwenye nyumba yake imebomolewa ili kuokoa wengine atahesabiwa kati ya wenye waliunguliwa, tena awe wa kwanza kusaidiwa kujenga. Mji nao uandike kanuni hiyo, na wagawaji wa misaada waifuate. Siku watu watakapoamini neno hilo, hakuna mwenye atasimama mlangoni na panga.

Na feza? Tunazo njia zetu. Karibu kila avenue ina MUSO ao likirimba. Wamama wanaweka akiba kila juma, na kasha la mshikamano lipo juu ya ugonjwa na kilio. Kila nyumba iongeze kidogo, hata franga 500 kwa mwezi. Nyumba hamsini zinatoa franga 25.000 kwa mwezi, 300.000 kwa mwaka. Haitoshi kununua kamio, lakini ni ya kupunguza facture ya kijana mwenye ameumia, na ya kununua kamba na glavu.

Mafunzo nayo hayaombi mashule. Msalaba Mwekundu na pompie wa mji wanaweza kuzunguka avenue kwa avenue siku ya salongo na kufundisha mambo ya lazima. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, funika na kifuniko, usimwage maji, sababu maji yanarusha moto wote kwenye ukuta. Moshi unaua mbele ya moto. Mwenye amefungiwa ndani atambae chini, kule hewa inabaki. Mwenye ameungua apewe maji safi ya baridi yenye kutiririka kwa dakika ishirini. Dentifrisi, yai na mafuta ya mamba visimuguse. Na kamwe watu wasisogelee mafuta yenye yamemwagika. Jimbo letu halijasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010: kamio ya mafuta ilipinduka, watu wakakimbia kuchota, wengine walikuwa wamekusanyika kuangalia mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walikufa. Ni makaburi yenye yanapaswa kutufundisha mbele ya mwalimu yeyote kuja.

Mwisho, tusiwaachie vijana mzigo wenye sisi wenyewe tunawawekea. Mbabula yenye makala mekundu inaachwa ndani ya nyumba ya mbao. Buji inawashwa juu ya plastiki wakati kura imekatwa, halafu mtu analala. Kura ikirudi saa nane ya usiku, pasi yenye iliachwa ndani ya prize inaanza kazi peke yake. Nyaya zinaunganishwa kwa wizi na kufungwa na kaniki. Kadhafi anaweka bido za essence chini ya kitanda cha watoto sababu anaogopa wezi. Kila moja ya hizi tunaijua, na kila moja inaomba dakika moja tu ya uangalifu. Kuzima mbabula ni kazi ya nyumba. Kijana wa avenue asiitwe kuja kufa juu yake.

Tunaomba basi mashefu wa avenue waite watu wao mbele ya mwisho wa mwezi huu, kiangazi kikiwa bado kichanga. Ajenda iwe fupi: liste ya vijana ishirini, bido tatu kwa kila nyumba, mahali pa shoka na kamba, na karatasi juu ya nyumba za kubomolewa. Burugumesta wa Kadutu, Ibanda na Bagira waombe kila shefu ripoti, na wataje mbele ya watu wote avenue zenye zimefanya na zenye hazijafanya. Gazeti hili liko tayari kuandika zote mbili.