UZI: Goti si mpunga, kabla hujauza ng'ombe soma hapa

1. Wiki hii video ileile nimetumiwa na watu watano. Daktari wa Ulaya anaweka kitu kama sifongo ndani ya goti, halafu wanasema gegedu linaota upya. "Nesi, hii tunaipataje?" Mama mmoja akaniuliza kabisa auze ng'ombe wangapi. Hilo la ng'ombe ndilo limenitoa usingizini. Msimamo wangu nausema mapema: tiba hiyo ni ya kweli, ila wengi wenu haiwahusu, na pesa ya ng'ombe ina kazi nyingine ya kufanya kwanza.

2. Gegedu ni nini? Ukila mguu wa mbuzi, kule mwisho wa mfupa kuna kitu cheupe, kinateleza, ukikitafuna kinalia kacha kacha. Ndilo hilo. Kwenye goti linafanya mifupa iteleze bila kusuguana. Shida yake ni moja: halina mishipa ya damu. Ukijikata jembe mguuni, damu inaleta vifaa vya ukarabati na kidonda kinafunga. Gegedu halipati huduma hiyo, linaishi kwa ute wa goti tu. Daktari William Hunter wa London aliandika tangu mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Ndiyo maana nasema goti si mpunga, kwamba umevuna msimu huu na mwakani litaota tena.

3. Sasa hiyo sifongo. Mnawaona mafundi wanavyofunga mirunda kabla ya kupandisha ukuta? Kiunzi cha goti ni wazo hilohilo: seli zinapata pa kushika na kujijenga. Mwaka 1994 Brittberg na wenzake wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa 23. Walichukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara, wakazirudisha kwenye goti. Baadaye seli hizo zikaanza kupandwa kwenye utando wa kolajeni unaotokana na nguruwe (Waislamu mliouliza, jibu ndilo hilo, muulizeni daktari kabla). Marekani iliuruhusu Desemba 2016. Mwaka 2022 wakaruhusu kiunzi kingine kilichotengenezwa kwa matumbawe ya baharini, hicho hakihitaji kukuza seli. Kwa hiyo si uongo wa mtandaoni.

4. Lakini kinamfaa nani? Fikiria barabara. Kama lami ni nzima na ina shimo moja, unaziba shimo. Kama barabara yote imekwisha, kiraka hakisaidii. Kiunzi ni kiraka. Kinamfaa mtu ambaye goti lake ni zima kwa sehemu kubwa, ana shimo linalojulikana lilipo, kano zimeshika na mguu umenyooka. Wewe mzee wangu uliyeinama kwenye majaruba miaka 40, mfupa unagusana na mfupa, hicho hakikuhusu. Kwako kuna mazoezi ya paja, kupunguza uzito kama umezidi, fimbo, dawa kwa kiasi, na mwisho kabisa goti bandia. Hilo goti bandia halihitaji kwenda Ulaya, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanaliweka.

5. Niseme na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma alinijia kijana, winga wa timu ya kijijini. Alidondoka na pikipiki, goti likavimba siku ileile. Nikampa diklofenaki na bandeji, nikamwambia pumzika utapona. Akarudi, nikampa tena. Akarudi akisema goti linakwama, mara linamwachia akitembea. Picha ya eksirei ikaonyesha mifupa mizima, sote tukatulia. Eksirei haionyeshi gegedu, jamani! Inaonyesha mfupa. Nilipomwandikia rufaa ulikuwa umepita karibu mwaka, amezoea kuchechemea na paja limekonda. Huyo ndiye ambaye pengine kiraka kingemfaa. Alipotea mikononi mwangu, hapahapa Kamsamba, na tatizo halikuwa kukosa teknolojia.

6. Tuje kwenye sindano. Kuna watu mnachomwa sindano ya goti kila mkisikia maumivu, tena dukani. Ile ya steroidi inatuliza kwa muda, na daktari anaweza kuitumia kwa sababu maalumu. Ila Marekani walifuatilia wagonjwa 140 wenye magoti yaliyosagika, matokeo yakatoka 2017. Nusu walichomwa steroidi kila miezi 3 kwa miaka 2, nusu maji ya chumvi. Waliochomwa steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu hayakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo unalipa ili uumie polepole.

7. Na video haikuonyesha kinachofuata baada ya upasuaji. Ni wiki kadhaa za magongo, mguu unaongezewa uzito kidogo kidogo, mazoezi miezi na miezi, mpira karibu mwaka mzima husogelei. Sasa niambie, unarudi nyumbani kwa bodaboda, choo ni cha kuchuchumaa, msimu wa mpunga umefika na hakuna wa kukusaidia. Nani anasimamia mazoezi? Kiunzi bila mazoezi tiba ni pesa iliyotupwa mtoni Momba.

8. Kwa hiyo mimi nikiulizwa tuanze na nini, sisemi kiunzi. Nasema mtaalamu wa mazoezi tiba awepo karibu, afike hadi huku bondeni, na sisi manesi na matabibu tufundishwe kulipima goti kwa mikono siku ya kwanza. Hiyo ni gharama ndogo na inamsaidia kijana na bibi yake kwa pamoja. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Jiandikisheni, halafu ulizeni kwa sauti kama mazoezi tiba yamo.

9. Wewe fanya hivi. Goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, likikwama, au likikuachia unapotembea, usisubiri. Njoo, na mimi nikikupa vidonge tu na kukurudisha nyumbani, nikumbushe uzi huu. Omba rufaa ya Vwawa au Mbeya.

Mama wa ng'ombe, kama unasoma: mmoja anatosha kwa nauli na vipimo vya kijana. Wengine waache wale majani kwanza. Kesho njoo naye asubuhi, nipo zamu.